GUNIA MOJA LISIUZWE MARA MBILI
Habari za mafuta ya ndege yatokanayo na mimea, na vyeti vyake



Siku moja, baada ya kipindi cha hesabu katika kisomo chetu hapa Madibira, mama mmoja alibaki nyuma. Alikuwa na swali.

"Mwalimu," alisema, "nimesikia redioni kwamba siku hizi ndege zinaruka kwa mafuta ya nyonyo, na kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia mandazi. Tena wanasema mafuta hayo yana vyeti. Cheti cha mafuta ni kitu gani? Kwani mafuta nayo yamefanya mtihani?"

Waliokuwa mlangoni walicheka sana. Lakini swali lile ni zuri. Nilimwahidi kwamba nitalijibu humu gazetini, ili na wengine wasome.

Labda utasema, "Ndege zinatuhusu nini? Sisi ni watu wa mpunga." Zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, cheti hicho ni ndugu wa stakabadhi ya ghala, ambayo wengi wetu tunaijua. Pili, karatasi ya kwanza kabisa ya cheti hicho haiandikwi uwanja wa ndege. Inaandikwa shambani, na aliyeweka sahihi ni mkulima. Kwa hiyo afadhali tujue mapema, kabla hatujaletewa karatasi na kalamu.

TUANZE NA GHALA

Mkulima amevuna mpunga wake. Anapeleka magunia 20 ghalani. Mtunza ghala anapima uzito, anaangalia ubora, halafu anaandika stakabadhi. Stakabadhi inasema: fulani ameweka kilo kadhaa, za daraja fulani, tarehe fulani. Hapa Tanzania kuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mwaka 2007 mfumo huo ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara.

Sasa fikiri kidogo. Siku mkulima akirudi kuchukua mpunga wake, je, atapewa punje zile zile alizoleta? Hapana. Magunia yamechanganyika na ya wenzake. Atapewa uzito ule ule na daraja lile lile. Hakuna anayelalamika, maana hesabu imekuwa sawa. Kilichoingia ghalani na kilichotoka vinalingana.

Kumbe basi stakabadhi si mpunga. Stakabadhi ni shahidi wa mpunga. Mwenye stakabadhi ndiye mwenye haki.

Lakini shahidi anaweza kusema uongo. Mjomba wangu aliweka magunia 20 katika ghala la mtu mmoja, zamani kidogo. Alipewa stakabadhi. Baada ya wiki chache kijana wa nyumbani kwake alikwenda ghalani akasema ile karatasi imeliwa na panya. Mtunza ghala hakufungua daftari. Hakuuliza. Aliandika stakabadhi ya pili, basi. Kijana akamwuzia mfanyabiashara mmoja. Mjomba, kwa stakabadhi ya kwanza, akamwuzia mfanyabiashara mwingine. Siku ya kuchukua mzigo, malori mawili yalisimama mbele ya ghala moja. Karatasi zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na mhuri. Magunia yalikuwa 20 tu.

Ugomvi ule ulikula miezi minne na ng'ombe wawili wa mjomba.

Ukikielewa kisa hicho, umekwisha kuelewa nusu ya habari za vyeti vya mafuta ya ndege.

MAFUTA YENYEWE NI YA NAMNA GANI?

Ndege kubwa, kama zile zinazotua Songwe, hutumia mafuta ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa tunayotia kwenye kibatari. Tofauti ni kwamba yamesafishwa kwa uangalifu zaidi. Mafuta hayo huchimbwa chini ya ardhi. Yakiungua hutoa hewa ya ukaa. Kilo 1 ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3 na zaidi kidogo za hewa ya ukaa, maana ukaa ule huungana na oksijeni iliyomo hewani. Hewa ya ukaa ikizidi angani, dunia inapata joto na majira yanavurugika. Sisi watu wa Usangu tunajua maana ya mvua kuchelewa.

Wataalamu wakafikiri. Mmea unapokua huvuta hewa ya ukaa iliyo angani. Tukikamua mafuta ya mmea huo tukayachoma, tunairudisha ile ile iliyovutwa juzi. Hatuongezi nyingine kutoka chini ya ardhi. Hata mafuta yaliyokwisha kukaangia, na mafuta ya wanyama yanayotupwa machinjioni, yanaweza kutumika. Kiwandani huchanganywa na hewa iitwayo haidrojeni kwa joto kali, na yakitoka hufanana sana na mafuta ya kawaida ya ndege. Mwaka 2011 aina hiyo iliruhusiwa kutiwa kwenye ndege za abiria, mradi ichanganywe na ya kawaida na isizidi nusu. Huitwa mafuta endelevu ya ndege.

Lakini tusidanganyane. Hata mafuta hayo hayakosi moshi wake. Kuna trekta lililolima, mbolea iliyotengenezwa kiwandani, lori lililobeba na kiwanda kilichopika. Hiyo yote huhesabiwa. Ndiyo maana mafuta mengine hupunguza hewa ya ukaa sana, na mengine hupunguza kidogo tu. Tena bei yake ni zaidi ya mara mbili ya bei ya mafuta ya kawaida.

Hapo ndipo cheti kinapoingia. Ukiyatazama kwa macho, mafuta haya na yale ni mamoja. Ukiyanusa, ni mamoja. Anayelipa bei kubwa atajuaje kwamba hakupewa yale yale ya kawaida? Atajua kwa karatasi tu.

WEKA HUKU, CHUKUA KULE

Uwanja wa ndege una matangi makubwa. Mafuta ya mimea yakifika huchanganywa na mengine. Hakuna bomba moja la mafuta ya nyonyo na jingine la mafuta ya kawaida. Kwa hiyo ndege iliyolipia mafuta ya mimea hupata mchanganyiko, na jirani yake ambaye hakulipia hupata mchanganyiko ule ule. Ni sawasawa na ghala letu. Tunalinganisha kilichoingia na kilichotoka, hatufuati punje moja moja.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Wanasema: mafuta yatiwe kwenye ndege zilizo karibu na kiwanda, na cheti kiuzwe kwa mtu aliye mbali. Je, hilo linawezekana?

Linawezekana, na wewe unalifanya kila mwezi. Mtoto wako yuko Dar es Salaam. Unampa wakala wa hapa Madibira shilingi 20,000 aziingize kwenye simu. Mtoto anazichukua kwa wakala wa Kariakoo. Je, ni noti zile zile? Noti zako bado ziko mezani kwa wakala wa Madibira! Kilichosafiri ni hesabu. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo kwa hundi ya posta.

Lakini zingatia sharti lake. Zikiongezeka kwa mtoto, lazima zipungue kwako. Simu ikikosea ikaacha 20,000 kwako na kumpa mtoto 20,000, basi pesa zimezaliwa hewani. Na pesa zilizozaliwa hewani si pesa. Cheti cha mafuta nacho ni hivyo hivyo. Aliyekiuza lazima afutwe katika daftari. Asiseme tena, "Ndege yangu imeruka kwa mafuta ya mimea." Haki hiyo ameiuza.

MADAFTARI NI MENGI

Kama dunia nzima ingekuwa na ghala moja na daftari moja, kazi ingekuwa nyepesi. Shida ni kwamba kuna madaftari mengi, na kila daftari lina sheria zake. Tuyataja makubwa.

La kwanza ni la dunia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake mjini Montreal nchini Kanada, lilikubaliana mwaka 2016 kuanzisha mpango uitwao CORSIA. Mpango ulianza kazi mwaka 2021. Kampuni za ndege zinahesabu hewa ya ukaa ya safari za kutoka nchi moja kwenda nyingine. Ikizidi kiwango, kampuni inalipia. Ikitumia mafuta ya mimea yaliyokubaliwa, inapunguziwa.

La pili ni la Umoja wa Ulaya. Tangu mwaka 2025 wauzaji wa mafuta katika viwanja vya ndege vya huko ni lazima wachanganye asilimia 2 ya mafuta endelevu. Mwaka 2030 itakuwa asilimia 6, na mwaka 2050 asilimia 70.

La tatu ni la Uingereza. Nayo ilianza kudai asilimia 2 mwaka 2025, na inadai asilimia 10 ifikapo mwaka 2030.

La nne ni la Marekani. Huko kila galoni ya mafuta ya mimea hupewa namba, na namba hizo zinauzwa na kununuliwa.

Juu ya hayo kuna madaftari ya hiari, yanayoandika nani ameuza cheti na nani amekinunua. Mwaka 2025, kwa mfano, lilianzishwa daftari moja la kampuni za ndege ambalo nalo makao yake ni Montreal.

Sasa angalia sheria zinavyotofautiana.

Chukua mafuta yaliyotokana na mahindi. CORSIA inaweza kuyakubali, mradi hesabu ionyeshe kwamba yamepunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 10 au zaidi. Umoja wa Ulaya hauyahesabu katika zile asilimia zake za lazima, kwa sababu mahindi ni chakula. Uingereza nayo inayakataa. Lita ni ile ile, lakini mlango mmoja imefunguliwa na mlango mwingine imefungiwa.

Tena, Umoja wa Ulaya unataka mafuta yawe yametiwa katika viwanja vyake. CORSIA inaangalia karatasi za kununua na za kuchanganya. Haidai kwamba mafuta yale yawe yameingia ndani ya ndege ile ile ya aliyenunua.

Halafu kuna vipimo. Sisi tunajua ubaya wa vipimo viwili. Mkulima anahesabu magunia, mnunuzi anataka lumbesa, ofisi inaandika kilo. Mwisho wa siku kila mtu ana jibu lake. Huko nako ni hivyo hivyo. CORSIA inahesabu kwa tani. Marekani inahesabu kwa galoni, ambayo ni lita 3 na robo tatu hivi. Uingereza inaangalia nguvu ya moto iliyomo ndani ya mafuta, na kiasi cha hewa ya ukaa kilichopungua. Tani moja ya mafuta ya kawaida ya ndege ni lita 1,250 hivi. Mafuta ya mimea ni mepesi kidogo, kwa hiyo tani yake moja ina lita nyingi zaidi. Na mafuta yakipata joto hutanuka, yakipoa hunywea. Mtu asiyetaja kipimo chake na joto la siku ile atapata upungufu ambao hakuna aliyeuiba.

KULINGANISHA MADAFTARI

Haya, chukua kalamu tufanye hesabu. Huu ni mfano tu.

Kiwanda kimetengeneza fungu moja la mafuta ya mimea. Uzito wake ni tani 1,000. Kampuni ya Kwanza imenunua tani 600. Kampuni ya Pili imenunua tani 400. 600 na 400 ni 1,000. Mpaka hapo mambo ni sawa.

Mwisho wa mwaka kampuni zinaandika taarifa.

Katika daftari la Ulaya: Kampuni ya Kwanza imeandika tani 600.

Katika daftari la CORSIA: Kampuni ya Kwanza imeandika tani 100. Kampuni ya Pili imeandika tani 400. Jumla 500.

Mkaguzi wa Ulaya anafungua daftari lake. Anaona 600. Fungu lilikuwa 1,000. Anasema, "Sawa." Mkaguzi wa CORSIA anafungua lake. Anaona 500. Fungu lilikuwa 1,000. Naye anasema, "Sawa." Wote wawili wanakwenda nyumbani kulala.

Sasa weka madaftari yote mawili juu ya meza moja. 600 na 500 ni 1,100! Tani 100 hazipo. Kampuni ya Kwanza imezitaja tani 100 zile zile mara mbili. Ni malori mawili mbele ya ghala la mjomba.

Umeona? Kosa la namna hii halionekani katika daftari moja. Linaonekana madaftari yakikutanishwa. Kazi hiyo ndiyo huitwa kulinganisha.

Ili kulinganisha kuwezekane, mambo manne yanatakiwa:

1. Kila fungu la mafuta liwe na namba yake, na namba hiyo isibadilike popote linapokwenda.

2. Kila linapobadili mikono, iandikwe limetoka kwa nani na limekwenda kwa nani, tarehe gani, kiasi gani, kwa kipimo gani.

3. Cheti kikishatumika, kifutwe. Ni kama stakabadhi inavyopigwa mhuri kwamba mzigo umekwisha kutolewa.

4. Mwisho wa kipindi, mkaguzi asiyekuwa na upande alinganishe. Vyeti vyote kwa pamoja visizidi mafuta yaliyotengenezwa.

Sheria zenyewe zimeliona jambo hili. Umoja wa Ulaya umekataza kampuni ya ndege kudai faida ya fungu lile lile katika mipango zaidi ya mmoja ya kupunguza hewa ya ukaa. CORSIA nayo inaitaka kampuni itaje mipango mingine iliyomo, na itamke kwamba haijalidai fungu hilo huko.

Lakini tuwe waangalifu hapa. Si kila kuandikwa mara mbili ni wizi. Mkulima anasema, "Nimevuna magunia 10." Mwenye mashine anasema, "Nimekoboa magunia 10." Mwenye duka anasema, "Nimeuza magunia 10." Je, ni magunia 30? Hapana. Ni yale yale 10, kila mtu ametaja kazi yake. Ndivyo muuzaji wa mafuta anavyoweza kusema ametimiza asilimia 2 yake, na kampuni ya ndege ikasema imeruka kwa mafuta hayo hayo. Kosa ni pale nyumba mbili zinaposema kila moja imekula yale magunia 10.

ALIYEUZA KARATASI TUPU

Mtu anaweza kuuliza, "Je, kuna aliyewahi kudanganya?" Yupo. Katika jimbo la Maryland nchini Marekani kulikuwa na mtu aitwaye Rodney Hailey, mwenye kampuni iitwayo Clean Green Fuel. Alisema anatengeneza dizeli ya mimea. Aliuza zile namba za mafuta, zaidi ya milioni 30, akajipatia zaidi ya dola milioni 9. Wakaguzi walipochunguza walikuta hakutengeneza dizeli hiyo. Aliuza karatasi tupu. Mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 12.

Yale yalikuwa mafuta ya magari. Lakini funzo ni lile lile. Namba zilikuwa nzuri, na wanunuzi waliziamini. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuangalia ndani ya tangi mapema. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi leo tuongeze: hata daftari bila mali nalo linadanganya.

MKULIMA ANAINGIA WAPI?

Sasa turudi shambani, maana huku ndiko mnyororo unakoanzia.

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kuanza. Mwezi wa Julai 2022 kampuni ya Italia iitwayo Eni ilikamilisha kiwanda cha kukamua mbegu katika kaunti ya Makueni. Hununua nyonyo na mbegu nyingine kwa wakulima. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mafuta ya kwanza yalipelekwa Gela, nchini Italia, kwenye kiwanda cha kusafishia. Mwezi wa Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi mpaka Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta endelevu kutoka kampuni hiyo. Huo ni upande wa furaha. Upande wa pili ni huu: mwaka 2024 shirika la Ulaya liitwalo Transport & Environment lilitoa taarifa kwamba wapo wakulima waliopata mavuno haba kuliko walivyotarajia, na wengine wakaliacha zao hilo.

Hapa kwetu Tanzania tuna kumbukumbu ya mbono. Wilayani Kisarawe kampuni iitwayo Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji, ili ipande mbono wa mafuta. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Vibarua walikosa kazi, na ardhi ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwa vijiji. Watu walibaki wanauliza ahadi za visima na zahanati.

Simwambii mtu asipande nyonyo, na simwambii apande. Nasema tusome kwanza.

Katika mnyororo wa vyeti, mkulima hupewa karatasi ya tamko. Anatamka kwamba shamba lake linafuata masharti, naye anaweka sahihi. Sharti moja kubwa ni la ardhi. Umoja wa Ulaya na CORSIA wote wameweka alama mwezi wa Januari 2008. Shamba lililokuwa msitu wa asili au ardhi oevu wakati huo, likaja kufyekwa au kukaushwa baadaye, mazao yake hayakubaliwi.

Watu wa Usangu, jambo hilo linatugusa. Ihefu ni ardhi oevu. Maji ya Ndembera, yale yale yanayolisha mashamba yetu ya skimu, hekta zipatazo 3,000, huelekea huko na kuingia Ruaha Mkuu. Mtu akikausha kipande cha oevu akapanda nyonyo, halafu akatamka kwamba shamba ni la tangu zamani, ametia uongo katika cheti. Uongo huo utasafiri: kiwandani, melini, Ulaya, mpaka kwenye tangi la ndege. Na ukigunduliwa, anayerudishiwa mzigo wa kwanza ni yule aliyeweka sahihi, pamoja na kikundi chake chote.

Kwa hiyo, ukiletewa karatasi ya namna hiyo, fanya hivi:

1. Isome yote. Kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua, dai ya Kiswahili. Usikubali kuambiwa, "Weka tu sahihi, mengine tutaeleza."

2. Uliza tamko linasema nini juu ya shamba lako. Kama si kweli, usitie sahihi.

3. Uliza bei ya kilo moja, na ni mizani ya nani itakayopima. Uliza pia kama mvua ikikataa nani atabeba hasara.

4. Usiwauzie wanunuzi wawili mavuno yale yale, wala usiyaandikishe katika vikundi viwili. Ukifanya hivyo, wewe ndiye yule kijana wa nyumbani kwa mjomba.

5. Dai nakala yako, pamoja na karatasi ya mizani. Ziweke penye ukavu, mbali na panya.

6. Kama shamba ni la familia, mama na baba waijue karatasi hiyo pamoja.

Na jambo la saba, la nyumbani. Mbegu za nyonyo zina sumu kali. Usizihifadhi karibu na maharage, na watoto wasizichezee.

Nilipomsomea yule mama makala haya kabla ya kuyapeleka gazetini, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mwalimu, wale wakubwa wa ndege wanajifunza yale ambayo mtunza ghala alitakiwa kuyajua." Nikamwambia ndivyo. Akaniuliza tena, "Na sisi tuliokuwa tunatia dole gumba, tulitamka mangapi bila kujua?"

Sikuwa na jibu la haraka. Alikwenda nyumbani, akafungua sanduku lake, akaanza kusoma karatasi zake moja moja. Nawe fanya hivyo jioni ya leo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Cheti: karatasi au namba inayoshuhudia kwamba kiasi fulani cha mafuta kilitengenezwa kwa masharti fulani.
Fungu: mafuta yaliyotengenezwa kwa pamoja na kupewa namba moja.
Kulinganisha: kuweka madaftari pamoja ili kuona kama hesabu zinakubaliana.
Hewa ya ukaa: hewa inayotoka kitu kinapoungua, nayo huongeza joto la dunia ikizidi angani.
Tamko: maneno unayoyathibitisha kwa sahihi yako.
Ardhi oevu: ardhi inayokaa na maji muda mrefu, kama Ihefu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkulima hapewi punje zile zile alizoweka ghalani, na bado hajaibiwa?
2. Fungu lina tani 800. Daftari moja limeandikwa tani 450, daftari la pili tani 420. Jumla ni ngapi? Zimezidi kwa kiasi gani? Utaanza kuuliza kwa nani?
3. Mtunza ghala wa mjomba angefanya nini kabla ya kuandika stakabadhi ya pili?
4. Je, nyumbani kwako kuna karatasi uliyoitia sahihi au dole gumba bila kuisoma? Ilete katika kisomo, tuisome pamoja.